Kompyuta ya Kijana Aendaye Chuo

Kila mwaka majibu ya mtihani wa Kidato cha Sita yakiisha kutoka, na vijana wakiisha kuitwa vyuoni, wazazi hutujia sisi waalimu na shauri moja. Zamani waliuliza juu ya sanduku, godoro na nauli. Siku hizi huuliza hivi: "Mwalimu, mtoto ataka kompyuta ya mpakato, nasi fedha yetu ni hii tu. Tununue ipi?" Shauri hili si dogo. Aghalabu fedha hiyo ni ya magunia ya mahindi, au ya ng'ombe mmoja, au ya mchango wa ukoo mzima. Ikipotea, haipatikani tena mwaka ule. Kwa hiyo twaona vema kuandika hapa yale tuliyojifunza kwa kuwasindikiza wazazi madukani.

Kwanza, kabla ya kuuliza bei, yafaa kuuliza kazi. Kijana atakayesoma ualimu, sheria au biashara kazi yake ni kuandika insha, kusoma vitabu, kupanga hesabu katika majedwali na kutafuta habari katika intaneti. Kompyuta ya wastani yamtosha. Lakini atakayesoma uhandisi, au uchoraji wa majengo, atatumia programu nzito zitakazo nguvu zaidi. Huyo na aulize chuoni kwanza, asinunue kwa kubahatisha. Tena, ikiwa chuo kina chumba cha kompyuta kwa wanafunzi, si vibaya kungoja muhula mmoja na kuwauliza waliotangulia. Kuuliza si ujinga.

Mwezi wa Oktoba 2024 mama mmoja wa kijiji chetu alituomba tufuatane naye mjini, yeye na mwanawe aliyeitwa kusomea ualimu. Alikuwa na shilingi 600,000. Nusu ilikuwa bei ya kahawa yake, na nusu mkopo wa kikoba cha akina mama, ambao ilimpasa kuurudisha kidogo kidogo kila juma.

Katika duka la kwanza tulionyeshwa kompyuta mpya, nyembamba, yang'aa kama fedha, bado imo katika boksi lake. Bei yake ilikuwa sawasawa na fedha ya mama. Kijana aliishika kwa mikono miwili wala hakutaka kuirudisha mezani. Tukaomba kusoma maandishi ya ubavuni mwa boksi, tukakuta RAM ni GB 4, na nafasi ya kuhifadhi ni GB 64.

Hapa yatupasa kueleza. RAM ni kama meza ya fundi seremala: ikiwa ndogo, hawezi kuweka ubao, msumeno na randa kwa wakati mmoja, bali huondoa hiki ili aweke kile, na kazi hukawia. Nafasi ya kuhifadhi ni ghala yake. Basi Windows 11, ambao ni mfumo wa kuiendesha kompyuta yenyewe, wataka angalau RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64. Maana yake, kompyuta ile ilikuwa na kile kiasi cha chini kabisa, kama chumba kinachoenea kitanda tu: mwenyewe aingia, lakini hana mahali pa kuweka kiti. Tena katika kompyuta nyingi za namna hiyo ghala huwa imeunganishwa na ubao wa ndani kwa risasi, hata fundi hawezi kuitoa na kutia nyingine kubwa zaidi. Ilikuwa mpya kweli, lakini ilizaliwa imechoka. Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda.

Duka la pili liliuza za mtumba. Muuzaji akatuonyesha moja yenye karatasi ndogo iliyoandikwa "i7", akasema, "Mwalimu, hii ni i7, yashinda i5 zote za hapa." Wengi hudanganyika hapo. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, haitambulikani kwa i5 au i7 peke yake. Hutambulikana pia kwa kizazi chake. Tulifungua mahali paonyeshapo habari za mashine, tukasoma "i7-6600U". Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6. Basi hiyo ni ya kizazi cha sita, iliyotoka mwaka 2015. Ile iitwayo i5-8250U ni ya kizazi cha nane, iliyotoka mwaka 2017, nayo ina viini vinne vya kufanyia kazi, ambapo ile i7 ina viwili tu. Mdogo amempita kaka yake. Kuanzia kizazi cha kumi husomwa tarakimu mbili za kwanza, yaani 10, 11, na kuendelea.

Kizazi si jambo la fahari. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba msaada wa Windows 10 utakoma tarehe 14 Oktoba 2025, nayo Windows 11 kwa prosesa za Intel hukubali rasmi kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache sana za kabla yake. Basi mwenye kununua kizazi cha sita mwaka ule alinunua mashine iliyobakiwa na mwaka mmoja tu wa kulindwa na virusi na wezi wa mitandaoni.

Katika duka la tatu tuliikuta tuliyoitaka. Yafaa wasomaji wajue kwamba makampuni ya Ulaya na Marekani huwanunulia wafanya kazi wao kompyuta imara, kama Latitude za Dell, EliteBook za HP na ThinkPad za Lenovo, na baada ya miaka michache huziuza na kununua nyingine. Nyingi katika hizo hufika madukani kwetu. Zilitengenezwa zidumu, na nyingi huweza kufunguliwa na kutiwa RAM au diski nyingine. Hiyo tuliyoiona ilikuwa na prosesa ya kizazi cha nane, RAM ya GB 8, na diski ya SSD ya GB 256, ambayo ni nyepesi kuliko diski za zamani zenye sahani izungukayo. Muuzaji alitaka shilingi 580,000. Walakini mfuniko wake ulikuwa umekwaruzwa kutoka pembe hata pembe.

Mama alituvuta kando. "Mwalimu," akasema, "fedha yote hii kwa kitu kilichokwaruzwa? Mwanangu atachekwa na wenzake. Ile ya kwanza ni mpya, na bei ni karibu ile ile."

Tukamjibu, "Mama, ulipomnunua yule ng'ombe wako wa maziwa, ulitazama pembe au kiwele?"

Akacheka kidogo, akasema, "Kiwele. Lakini na meno nilimfungua kinywa nikayatazama."

Alisema kweli. Kitu cha mtumba hakinunuliwi kwa sifa za mwenye kukiuza, hufunguliwa kinywa. Tuliizima tukaiwasha, tuone kama haitadai nywila ya mwenyewe wa kwanza, maana iliyofungwa na kampuni huweza kukugeukia jiwe. Kijana akabonyeza herufi zote, moja moja. Tukachomeka flashi katika kila tundu, tukajaribu kamera, spika na intaneti, tukakiacha kioo cheupe kitupu ili madoa yajionyeshe. Tukaitazama chaja: ikiandikwa 100-240V yafaa kwa umeme wetu. Mwisho tukaipima betri. Katika Windows, ukifungua dirisha la amri na kuandika powercfg /batteryreport, utapewa taarifa ya kiasi ilichobeba betri ilipotoka kiwandani na kiasi inachobeba sasa. Ya kwetu ilitoka na 50,000, ikabaki na 38,000, yaani 76 kwa mia. Tukamwonyesha muuzaji hesabu hiyo, naye akashuka hata 540,000, akaandika waranti ya mwezi mmoja juu ya risiti, pamoja na namba ya mashine.

Mama alihesabu noti polepole, akazihesabu tena. Zilizobaki 60,000 zilinunua begi na flashi, na nyingine zikarudi kijijini kuwa rejesho la kwanza la kikoba. Kijana hakusema neno njia nzima. Baadaye tulisikia ameufunika mkwaruzo kwa karatasi ya kubandika.

Hatusemi kwamba mashine hiyo haina dosari. Mwaka wa pili betri imedhoofu, haimalizi saa mbili, naye hukaa maktaba karibu na tundu la umeme huku akiweka akiba ya betri nyingine. Lakini Oktoba 2025 ilipofika, aliihamishia Windows 11 bila kulipa senti, na insha zake zote ameziandika humo.

Na aliyekwisha kununua ya zamani asikate tamaa. Mfumo wa Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, una namna zake nyingi zitolewazo bure, nazo huendesha vema kompyuta nyingi za miaka mingi. Programu ya LibreOffice nayo ni ya bure, na huandika insha na majedwali kwa mashine yo yote kati ya hizo.

Neno la mwisho kwa wazazi. Mkiisha kununua, mwambieni kijana aweke nakala ya kazi yake mahali pengine, katika flashi au katika intaneti, kila juma bila kukosa; nanyi itunzeni risiti nyumbani. Kompyuta yaweza kuibwa katika daladala au kumwagikiwa chai bwenini, na hapo kahawa ya mwaka mmoja imekwenda. Lakini kahawa yazaa tena msimu ujao. Kazi ya muhula mzima isiyo na nakala haizai tena.