Msalaba Mwekundu Kando ya Songwe

Mwaka 1976 nilikuwa darasa la sita, shule ya kijijini kwetu Kyela, jirani na mto Songwe. Kila asubuhi mchakamchaka, gwaride, kisha ahadi za mwana-TANU. Ile ya kwanza, kwamba binadamu wote ni ndugu, tuliipaza tumbo tupu mpaka mishipa ya shingo ikatutoka. Jioni moja kwa wiki ilikuwa ya kikundi cha vijana wa Msalaba Mwekundu.

Chama cha Msalaba Mwekundu nchini kiliundwa kwa sheria mwaka 1962. Kwetu kilifika kupitia mwalimu mmoja aliyerudi kutoka semina na mkoba wa bandeji. Alitufundisha kufunga banzi mguu uliovunjika na kumsaidia aliyezama, mambo yenye faida kwa watoto wa mtoni. Ila alichokipenda hasa ni kisa cha Henry Dunant, mfanyabiashara wa Uswisi aliyefika Solferino mwezi Juni 1859, akakuta majeruhi maelfu hawana wa kuwatazama. Akina mama wa mji wa Castiglione wakawauguza bila kujali sare, wakisema wote ni ndugu.

“Mnaona?” mwalimu akatuambia. “Jambo hili halikuanza na TANU.”

Siku zile maneno hayo yalitaka moyo.

Tulikariri pia misingi saba ya Msalaba Mwekundu, iliyopitishwa Vienna mwaka 1965. Ubinadamu haukutusumbua. Kutofungamana na upande wowote ndiko kulikotukwama kooni, maana ng'ambo ya mto ilikuwa Malawi ya Rais Banda. Tangu 1967 alikuwa na uhusiano wa kibalozi na Makaburu wa Afrika Kusini, na akishikilia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 alidai Ziwa Nyasa lote upande wetu ni lake, hadi mchanga wa Matema. Mwenzetu akauliza, “Hata askari wa Banda akiumia, Mwalimu?”

“Hata yeye. Kwani damu yake ina pasipoti?”

Tukacheka. Lakini shangazi yangu alikuwa ameolewa huko huko, kwa Wangonde wa Karonga, ambao Kingonde chao na Kinyakyusa chetu husikilizana. Songwe nao ulikuwa na tabia yake: ukifurika masika huhama mkondo, na shamba la mpunga lililolala Tanzania likaamkia Malawi. Masika moja familia kadhaa zilivuka kwetu na mikeka kichwani. Mkubwa mmoja wa kijiji alitaka kwanza kujua ni raia wa wapi. Mwalimu akamsalimu kwa heshima zote, akatutuma kuni, tukachemsha maji na kuosha vidonda. Jibu la swali lile sikulisikia, na wagonjwa hawakulingoja. Miaka ya 80, sukari na sabuni zilipoadimika madukani, tulivuka sisi. Wangonde hawakutudai ahadi ya mwana-TANU.

Siku hizi mashirika huja Matema na semina za uraia wa dunia. Siyabezi, vijana wetu wanayataja malengo 17 ya Umoja wa Mataifa bila kukwama. Lakini mgogoro wa mpaka wa ziwa ulipopamba moto mwaka 2012, niliwasikia vijana wa hapa wakiwatukana Wamalawi kwa matusi ambayo hata enzi za Banda hatukuthubutu. Usuluhishi akapewa Joaquim Chissano, wa Msumbiji ile ile ambayo uhuru wake tuliushangilia Juni 1975. Kumpenda Mmsumbiji hakukutugharimu kitu. Hatukuwahi kugombania naye samaki.

Kutoka mpakani Kasumulu hadi Karonga ni kama kilomita 50, na wengi wa vijana wetu hawajawahi kufika. Enyi wenye mafungu ya semina, punguzeni fulana na vyeti. Kodini Coaster, wapelekeni wakalale Karonga wiki nzima kwa wenyeji, kisha wa Karonga waje Ipinda wale wali wetu. Dunia iliyobaki mtawafundisha wakirudi.