Nilimwekea Buda Uwanja wa Gofu Nyuma ya Nyumba

Mnasema gofu ni mchezo wa wenye pesa. Sawa. Lakini nani huwabebea mifuko na kuwaonyesha mahali pa kupiga? Buda yangu amefanya hiyo kazi miaka 20.

Wacha niseme ukweli: nyasi bandia nilinunua nikitafuta video tu. Nilisafisha nyuma ya nyumba, mita 3 kwa 5, nikatandika kama kapeti, nikakata shimo. Siku moja, kazi imeisha. Nikajiona fundi.

Mvua ya Aprili ikaja. Maji yakatuama katikati, nyasi zikafura, mpira ukawa unaenda unakotaka wenyewe.

Buda akatoka na kikombe cha chai, akaangalia, akacheka. "Toa yote. Kazi iko chini, si juu."

Tukachimba inchi 4. Tukamwaga kokoto, juu yake vumbi la mawe, tukamwagia maji na kushindilia. Mteremko aliupima kwa macho, kidogo tu, maji yapate njia. Tukarudisha nyasi, tukapiga misumari kando, tukanyunyiza mchanga mkavu ili zitulie. Shimo alisisitiza liwe milimita 108, kama la klabu.

Halafu nikampa fimbo. Akasita, akaangalia nyuma kama mtu anayengoja kufukuzwa.

"Buda, hapa ni kwako."

Alikosa mara tatu. Ya nne ikaingia.

Simu ilikuwa mfukoni. Sikurekodi. Hiyo video hamtaiona, pole.