Udongo wa Janga Kwenye Faneli

Akina mama wenzetu, ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, ukapita Kibaha mjini na kufika Mlandizi, Janga haiko mbali. Ni nchi ya mchanga, mihogo na mikorosho, na chini ya miti unyevu hukaa hata jua likiwaka.

Tulikwenda huko wauguzi wawili, akina mama wachache wa kanisa letu na kijana mmoja wa maabara, kuzungumza na wajawazito juu ya upungufu wa damu. Safari hii hatukubeba mabango. Tulibeba chupa ya plastiki, kipande cha kanga kuukuu, chupa ya chai yenye maji ya moto na hadubini ndogo inayotumia mwanga wa jua.

Tuseme ukweli, sisi wauguzi tumewahi kukosea. Kwa miaka mingi mama akija na kope nyeupe tulimpa vidonge vya kuongeza damu, tukamhimiza kula mchicha na maharage, basi. Hatukumwuliza anakanyaga wapi.

Safura ni mnyoo wa kama sentimita 1 anayejishikiza kwenye utumbo na kunyonya damu. Mayai yake hutoka na choo. Yakiangukia mchanga wenye joto, unyevu na kivuli huanguliwa baada ya siku 1 au 2, na katika siku 5 hadi 10 viluwiluwi huwa tayari kupenya ngozi ya mguu mtupu. Jambo hilo lilijulikana kwa ajali. Mwishoni mwa miaka ya 1890, huko Cairo, mtaalamu Arthur Looss alidondokewa mkononi na maji yenye viluwiluwi hao, akawashwa, na baadaye akakuta mayai ya safura katika choo chake mwenyewe.

Kuwatafuta udongoni si kazi ngumu kuliko kuchuja tui. Njia hiyo ilielezwa mwaka 1917 na daktari Baermann, katika nchi ambayo leo ni Indonesia. Tulikata chupa, tukageuza sehemu ya juu ikawa faneli, kifuniko kikiwa chini, tukajaza maji ya vuguvugu. Udongo wa nyuma ya migomba, wanakokwenda watoto wakiona uvivu kufika chooni, tukaufunga kwenye kanga na kuulaza juu, uguse maji. Viluwiluwi hupenya kitambaa kuingia majini, na kwa kuwa hawana nguvu ya kuogelea kupanda, huzama hadi kwenye kifuniko.

Tulilala kwa wenyeji wetu. Asubuhi kijana alilegeza kifuniko, akachukua matone machache. Foleni ya kuchungulia ilikuwa ndefu kuliko ya kliniki! Nyuzi hai zilikuwa zikijinyonganyonga. Alituonya tusiwahukumu wote: wengi ni minyoo ya udongoni isiyomdhuru mtu, tena husaidia kuozesha majani yanayolisha mihogo. Kumtambua safura kati yao kunataka jicho lililofunzwa.

Ndipo mama mmoja, mwenye mimba ya miezi mitano, alipofungua pindo la kanga yake.

"Nesi, na huu wangu je?"

Ulikuwa udongo wa kula, mkavu. Tukauweka kwenye faneli nyingine tukasubiri hadi jioni. Hakikuonekana chochote. Mama akacheka kwa furaha, lakini kijana akamwambia polepole kwamba faneli hunasa kinachotembea tu. Mayai ya minyoo mikubwa ya tumbo hayatembei. Kuyaona inabidi udongo ukorogwe katika maji mazito ya chumvi au sukari ili yaelee, na vifaa hivyo hatukuwa navyo. Nasi tukaongeza kwamba udongo wenyewe, hata ukiwa safi, unaweza kuzuia mwili usipate madini ya kuongeza damu. Na kwamba dawa ya minyoo mjamzito huweza kupewa kliniki baada ya miezi mitatu ya kwanza.

Alinyamaza. Akaufunga tena udongo wake kwenye pindo, kisha akauliza kliniki ni siku gani.