Karamu ya Siku Kuu Kando ya Mto Saône

Mto Saône hushuka taratibu kuelekea kusini, na kabla ya kuingia mji wa Lyon, nchini Ufaransa, hupita ubavuni mwa kijiji cha Collonges-au-Mont-d'Or. Hapo, karibu na daraja, pana nyumba iliyopakwa rangi nyekundu na kijani, na juu yake limeandikwa jina la mtu kwa herufi kubwa: Paul Bocuse. Mgeni asiyejua angedhani amefika kwenye sarakasi. Kumbe huo ni mmoja wa mikahawa mashuhuri kabisa duniani.

Watu hawaendi pale kwa sababu ya njaa. Huenda kwa sababu siku imefika: ndoa imetimiza miaka 25, mzee ametimiza 60, au kijana amefaulu mtihani. Wafaransa wanayo desturi ya kuipa siku kama hiyo heshima kwa mlo mrefu wenye taratibu zake, na mwaka 2010 shirika la UNESCO liliiandika desturi hiyo katika orodha ya urithi wa binadamu. Taratibu zenyewe ni hizi: kwanza kinywaji cha kufungulia tumbo, kisha vyakula visivyopungua vinne, yaani cha kuanzia, samaki au nyama pamoja na mboga, jibini, na kitamu cha mwisho. Katika mikahawa mikubwa hesabu huzidi hapo, na kila kitu huja kwa kiasi kidogo, kimoja baada ya kingine, kwa muda wa saa tatu au zaidi. Msomaji aliyezoea sinia moja la pilau, watu wakilizunguka, huenda akastaajabu. Lakini na sinia lina adabu zake. Hizi ni adabu za watu wengine.

Bei nayo si ya mchezo. Mlo kamili wa namna hiyo hupita yuro 200 kwa mtu mmoja, na mvinyo ni gharama nyingine. Mfanyakazi wa kima cha chini nchini humo hubaki na yuro kama 1,400 kwa mwezi baada ya makato. Kwa hiyo mume na mke wa hali hiyo wakiketi mezani jioni moja, zaidi ya robo ya mshahara imekwenda. Wapo wanaoziweka fedha hizo kidogo kidogo kwa miezi mingi. Kuwaita wapumbavu ni rahisi. Lakini nani asiyejua gharama za harusi zetu?

Basi mume amefunga tai, mke amevaa gauni lililokaa kabatini likingoja siku yake, na mlangoni wanapokewa na bawabu mwenye sare nyekundu. Wakisha kuketi, huletewa bakuli jeupe lenye vichwa viwili vya simba, na juu yake kofia ya unga wa siagi uliofura na kuwa rangi ya dhahabu. Hiyo ndiyo supu iliyopikwa kwa mara ya kwanza tarehe 25 Februari, 1975, katika Ikulu ya Paris, siku Rais Valéry Giscard d'Estaing alipomvisha Bocuse nishani ya taifa. Ndani mna mchuzi mwangavu, vipande vya nyama na mboga, ini la bata aliyenoneshwa, na trufi, yaani uyoga mweusi uotao chini ya ardhi na kutafutwa kwa pua za mbwa waliofunzwa. Mlaji hana budi kuivunja ile kofia kwa kijiko, na mvuke wote humpanda usoni. Katika Kifaransa, kuvunja ganda la mkate ni usemi wa vibarua, maana yake kutia kitu tumboni. Hivyo mbele ya bakuli lile Rais na kibarua walikuwa sawa.

Hufuata samaki mwekundu wa baharini, jamaa ya yule ambaye watu wa pwani humwita mkundaji. Magamba yake yameondolewa na kuwekwa mengine ya viazi, vilivyokatwa vyembamba na kupangwa kimoja kimoja kwa mkono. Halafu kuku wa Bresse. Huyu ana miguu ya buluu, manyoya meupe na upanga mwekundu, rangi tatu za bendera ya Ufaransa, na tangu mwaka 1957 sheria inalinda jina lake. Kila kuku lazima apate majani ya kutembelea yasiyopungua mita 10 za mraba. Hupikwa ndani ya kibofu cha nguruwe kilichofura kama mpira wa miguu, nacho hutobolewa mbele ya wageni. Mwislamu, bila shaka, atachagua chakula kingine. Karatasi ya vyakula ni ndefu. Chini ya ngozi ya kuku vimepenyezwa vipande vya trufi, weusi ukionekana ndani ya weupe, ndiyo maana wapishi wa Lyon wakamwita kuku wa nusu matanga.

Nyuma ya mlango wa jiko mna jambo ambalo askari atalitambua upesi. Jiko la Kifaransa limepangwa kijeshi, na si kwa bahati. Auguste Escoffier, mpishi aliyeupa mpango huo sura yake, alikuwa mpishi wa jeshi katika vita vya Ufaransa na Prussia vya mwaka 1870. Yuko mkuu wa jiko, yuko makamu wake, wako viongozi wa vikosi vya michuzi, samaki na vitamu, na chini kabisa wako makuruta wanaomenya viazi. Amri ikitolewa, jibu ni moja tu: "Ndiyo, mkuu." Bocuse mwenyewe alizaliwa mwaka 1926, akajitolea vitani mwaka 1944 katika jeshi la Wafaransa Huru, akapigwa risasi huko Alsace. Alitibiwa katika hospitali ya Wamarekani, na askari wa huko wakamchora chale ya jogoo mwilini.

Alipopona hakwenda kujifunza kwa jemadari yeyote, bali kwa mwanamke. Eugénie Brazier alizaliwa mwaka 1895 katika familia ya wakulima wa upande huo huo wa Bresse. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 10, naye akachunga nguruwe. Alipopata mtoto kabla ya ndoa, baba yake alimfukuza, akaenda Lyon kuwa mtumishi wa nyumbani. Mji ule ulikuwa na wanawake wengi waliopika katika nyumba za matajiri kisha wakafungua vyumba vyao vya chakula. Watu waliwaita "Mama". Brazier alifungua chake mwaka 1921. Mwaka 1933 kitabu cha Michelin, ambacho kampuni ya mipira ya magari ilianza kuwachapishia madereva mwaka 1900, kiliipa mikahawa yake miwili nyota tatu kila mmoja, na hakuna mtu aliyekuwa amepata kuwa na nyota sita kabla yake. Kwake Bocuse alipika, lakini pia alikama ng'ombe, akalima mboga na kupiga pasi.

Mkahawa wa Collonges ulipata nyota tatu mwaka 1965. Bocuse alifariki Januari 2018, katika nyumba ile ile alimozaliwa, na Januari 2020 wakaguzi wakaiondoa nyota moja. Walisema chakula ni kizuri sana, lakini hakifikii tena daraja la nyota tatu. Tuzo la miaka 55 likaanguka mikononi mwa wapishi waliobaki. Nao walikuwa katika mtego: mume na mke waliokula supu ile siku ya harusi hutaka kuikuta vile vile baada ya miaka 25, bakuli lile lile na kofia ile ile, ilhali mkaguzi huja akitafuta kipya. Kumridhisha mmoja bila kumuudhi mwingine ni kazi ngumu kuliko kupanga magamba ya viazi.

Huletwa jibini, kisha meza nzima ya keki, matunda na maziwa yaliyogandishwa, wakati ambapo wengi hawana tena pa kuvitia. Hesabu huja ndani ya kikaratasi kilichokunjwa; mume huitazama, mke hatazami. Wakitoka uani hupita mbele ya ukuta uliochorwa picha za wapishi wakuu wa Ufaransa, wanaume wengi kwa kofia zao ndefu. Miongoni mwao yumo pia Eugénie Brazier.