Chorani Nchi Yenu: Wosia kwa Vijana wa Nyahanga

Wajukuu zangu,

Nguvu zinaniishia, na kabla sijanyamaza nawaachia jambo moja: chorani mahali hapa.

Mwaka 1861 alipita upande wetu huu Mskoti mmoja, James Augustus Grant, mwanajeshi aliyejeruhiwa mkononi kule Lucknow, India, mwaka 1857. Alifuatana na John Hanning Speke kutafuta chanzo cha Nile. Mwanzoni walibeba kamera. Lakini picha za enzi zile zilisafishwa ndani ya hema lililofungwa, kwenye joto la kutoa roho, na Speke akaona kazi hiyo itamuua mwenzake. Kamera ikarudishwa pwani, Grant akashika brashi na rangi za maji.

Homa na uhaba wa wapagazi vikamkalisha miezi kadhaa, akawa mgeni wa mtemi Ukulima wa Ukuni. Akachora watu, ngoma na mimea. Alipoondoka kuelekea kaskazini, watu wa mtemi Myonga wakauvamia msafara wake na kupora mizigo huko Msalala, Msalala hiyohiyo yenye mgodi wa Bulyanhulu leo. Hata hivyo hakuacha kuchora. Rangi za maji hazimsubiri mtu; ukisitasita zinakauka na kuacha doa. Anayezitumia hulazimika kutazama kwa makini kwanza, kisha mkono uende bila woga.

Speke alipotoa kitabu chake mwaka 1863, michoro hiyo ilichorwa upya na mchoraji Zwecker, mtu ambaye hakuwamo katika safari ile. Wengi waliwaona mababu zetu kupitia mkono huo wa pili. Kazi za Grant mwenyewe zimehifadhiwa Edinburgh, katika Maktaba ya Taifa ya Scotland.

Mimi namshukuru Grant. Ila mgeni huiona ngoma. Ninyi mnajua imechezewa nini. Wala msidhani uchoraji ni mali ya wageni. Bayeye, wacheza nyoka wa Usukuma, walichora nyoka, wanyama na watu kwenye kuta za nyumba zao. Hans Cory aliinakili michoro hiyo na kuitolea kitabu mwaka 1953. Ukuta wa udongo haudumu, karatasi ndiyo iliyotubakizia.

Tazameni Buzwagi. Mgodi ulianza uzalishaji 2009, ukafungwa 2021. Ni nani aliyeichora Mwendakulima, hapo penye mgodi huo, kabla ya lile shimo? Mashamba yale, miti ile, njia za ng'ombe, vyote vimo vichwani mwetu sisi wazee, nasi tunaondoka.

Basi chorani soko, karasha za mawe ya dhahabu, mama anayepepeta mpunga. Nyuma ya kila karatasi andikeni mahali na tarehe, na muiweke mbali na mchwa. Nanyi wazazi, mtoto akiwaomba kisanduku cha rangi, mnunulieni.