Siku Nne za Vumbi Kisiwani Sardinia

Msomaji, ukimwona mzee wa miaka 58 akinyonga baiskeli likizoni, usimcheke. Mwezi Juni 2023 nilimtembelea binti yangu anayesomea Cagliari, mji mkuu wa kisiwa cha Sardinia nchini Italia. Alikuwa ameshakodi baiskeli mbili.

"Baba, siku nne milimani," alisema.

Njia zenyewe ni za changarawe, kama za kwetu Murang'a, ila matatu hakuna. Wenye barabara ni kondoo: kisiwa kina watu takriban milioni 1.6, na kondoo kama milioni 3!

Siku ya tatu, karibu na milima ya Gennargentu inayofikia mita 1,834, magoti yangu yaligoma. Chupa ilikuwa tupu. Nilimkuta binti akinisubiri chini ya mwaloni uliochunwa ganda la kutengenezea vizibo vya chupa, shina limebaki jekundu. Tukagawana maji yake na carasau, mkate mkavu wa wachungaji, mwembamba kama karatasi (mtamu, lakini chai ingefaa).

Ndipo akasema, bila kunitazama, kwamba akihitimu hatarudi nyumbani.

Sikujibu. Tulinyonga kilomita 22 zilizosalia, naye safari hii hakunitangulia.