Jina la Kuazima

Husemwa mara nyingi kwamba chuo kikuu ni nyumba isiyo na bawabu mwingine ila mtihani. Mwenye kufaulu huingia, mwenye kushindwa hurudi, wala haulizwi mtu ukoo wake, dini yake au lugha ya mama yake. Kauli hiyo ni nzuri, na laiti ingekuwa kweli yote. Lakini kabla ya kuufikia mtihani pana njia, na njiani wapo mabawabu wengine wasiotajwa katika sifa za nyumba ile. Mmoja wao ni karatasi.

Palikuwa na mvuvi mmoja katika pwani ya kusini ya Kenya, baina ya Gazi na Vanga, aliyekuwa na binti mwenye akili. Mvuvi huyo alizaliwa pale kijijini, na hapo ndipo alipojifunza kupanga nyota, kusoma mkondo wa maji na kushona tanga. Baba yake ndiye aliyevuka kutoka kisiwa cha Pemba kwa mashua, katika zama ambazo kuvuka hakukuwa jambo la kuulizwa. Wakati ule ukanda wa pwani ya Kenya, upana wa maili kumi, ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ingawa Waingereza ndio walioutawala tangu mwaka 1895. Mtu aliyetoka Pemba akashukia Shimoni alitoka katika nchi ya Sultani akaingia katika nchi ya Sultani. Hakuhama dola, alihama bandari.

Mapatano ya Oktoba 1963 yaliuondoa ukanda ule katika mkono wa Sultani. Zanzibar ikapata uhuru tarehe 10 Desemba, na Kenya tarehe 12 Desemba ya mwaka ule ule. Mwezi mmoja baadaye, Januari 1964, mapinduzi yakatokea Zanzibar, na watu wengine wa Pemba wakakimbilia kwa ndugu zao waliotangulia. Basi bahari iliyokuwa njia ikawa mpaka, na waliokuwa wenyeji wakaamka wageni bila ya kuondoka vitandani mwao. Mhenga alisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu hawa walishika jembe na kasia kwa zaidi ya nusu karne, na ile siku ya tatu haikuisha.

Mvuvi hakuwa na kitambulisho. Kwa kuwa hakuwa nacho, alishindwa kupata leseni ya kuvua kwa jina lake, akavua kwa kivuli cha leseni ya mwingine na kugawana naye samaki. Hilo alilistahimili. Lakini binti yake alipokaribia mtihani wa darasa la nane, mwalimu alimwambia kuwa watahiniwa wote huandikishwa kwa cheti cha kuzaliwa. Mvuvi alirudi nyumbani, akakaa barazani hadi magharibi. Usiku akaenda kwa jirani yake, Mdigo, rafiki wa utotoni, akamwambia, "Ndugu yangu, nimekuja kukuazima kitu ambacho sijui nitakirudishaje. Naazima jina."

Jirani hakusita. Msichana akaandikishwa kama mtoto wa nyumba ya pili. Alifanya mtihani kwa jina hilo, akaenda sekondari kwa jina hilo, na mwalimu alipoita majina asubuhi aliitika "Nipo" kwa jina la baba asiyekuwa babake. Mwanzoni alicheka, kisha akazoea, na mwisho alianza kuogopa mazoea yale.

Mwaka 2018 alimaliza kidato cha nne, akapata alama zinazotosha kuingia chuo kikuu, tena kwa ziada. Kijiji kilifurahi. Pwani ya siku zile haikuwa kama zamani, ambapo mtoto wa pwani aliyetaka elimu ya juu aliitazama Makerere, safari ya siku kadhaa kwa gari moshi. Kilifi palikuwa na Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopewa hati yake kamili mwaka 2013. Mombasa palikuwa na chuo kikuu cha ufundi, ambacho asili yake ni ile taasisi ya elimu ya Waislamu iliyopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1951, na Sultani wa Zanzibar alikuwa miongoni mwa waliochanga fedha za kuijenga. Taasisi ile ilikusudiwa Waislamu wa Afrika Mashariki yote. Babu wa msichana angaliweza kumpeleka mwanawe pale bila ya kuulizwa alizaliwa upande gani wa maji. Mjukuu alisimama mbele ya mlango ule ule na alama mkononi, asiweze kuingia.

Sababu ni kwamba karo ya chuo haiwezekani kwa mvuvi ila kwa mkopo wa serikali, na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa mwaka 1995, humtaka mwombaji awe na kitambulisho cha taifa. Ili kupata kitambulisho, msichana alipaswa kwenda kwa chifu pamoja na jirani, na kutamka mbele ya wazee kwamba huyu ndiye aliyenizaa. Cheti kilikuwa kimekwisha kusema hivyo kwa niaba yake. Sasa ilitakiwa aseme kwa kinywa chake.

Baba alimsihi aende. Alimwambia, "Mwanangu, neno ni upepo tu, elimu ni jiwe." Binti akajibu, "Baba, nilipokuwa mdogo mlinisemea, sikuwa na hiari. Leo nina hiari, na siwezi." Hakwenda. Alikaa kijijini miaka minne na zaidi, akiwafundisha watoto kusoma asubuhi na kumsaidia mamake kukaanga samaki jioni, huku wenziwe wa darasa moja wakienda chuoni na kurudi likizo na vitabu kwapani.

Wapo watakaosema kwamba kosa ni lake, maana njia ilikuwapo naye akaikataa. Hoja hiyo haina uzito. Njia inayomtaka mtoto amkane mzazi wake ndipo apate elimu haistahili kuitwa njia. Wapo pia wasemao kwamba kuzifungulia milango ya vyuo jamaa ndogo ndogo ni kushusha kipimo, na kwamba haki ni wote kupimwa kwa mizani moja. Maneno hayo yanafaa kujibiwa kwa heshima, kwa kuwa mizani moja ni jambo jema. Lakini msichana huyu hakuomba mizani ishushwe. Alikwisha kupimwa, na uzito wake ulitosha. Alichoomba ni kwamba alichopimwa kiandikwe kuwa ni chake.

Wala hakuwa peke yake. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa huko Kwale, walikaa miongo mingi bila ya uraia. Sheria ya uraia ya mwaka 2011 iliwafungulia watu wa namna yao dirisha la miaka mitano, likaongezwa mitatu. Lakini dirisha halimfai asiyejua kuwa limefunguliwa, wala anayeambiwa kuwa kwao ni ng'ambo. Oktoba 2016 Wamakonde walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi kudai haki yao, wakasikilizwa. Washona, waliofika kutoka nchi ambayo leo ni Zimbabwe, walifuata mwaka 2021. Julai 2023 ikawa zamu ya Wapemba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 56, ilikwisha kuamuru kwamba jamii za wachache na zilizosahauliwa zipewe nafasi maalumu katika elimu. Wapemba walingoja zaidi ya miaka kumi kuhesabiwa tu kuwa wamo miongoni mwa waliokusudiwa.

Mvuvi alipopata kitambulisho alikitazama muda mrefu. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Akamwita binti yake, akampa akishike. Ndipo ilipodhihiri taabu ya mwisho: vyeti vyake vyote vya shule vilikuwa na jina la kuazima. Ili vitumike pamoja na kitambulisho kipya, ilibidi aende kwa wakili kuandikiwa hati ya kiapo ya kubadili jina. Katika karatasi ile aliapa kwamba tangu siku hiyo analiacha jina la zamani na kushika jipya. Sheria haina namna ya kuandika kwamba jipya ndilo la zamani, na kwamba mtu huyu habadiliki bali anarejea.

Siku ya kuondoka kwenda chuoni, alipita kwanza nyumba ya pili. Jirani alikuwa mzee sasa, amekaa kwenye kitanda cha kamba uani. Msichana akamwamkia, "Shikamoo, baba." Mzee akaitika, "Marahaba, mwanangu." Kisha akamwambia, "Baba, nimekuja kurudisha amana." Mzee akacheka, akasema jina halipungui kwa kuazimwa, na kwamba kama atalihitaji tena ajue lilipo.

Aliingia mwaka wa kwanza akiwa na umri wa miaka ishirini na minne, mkubwa kuliko wengi wa darasa lake. Asubuhi ya kwanza mhadhiri alipoita majina, aliita la baba yake. Msichana alichelewa kuitika, kwa kuwa masikio yake hayakuwa yamezoea. Mhadhiri akaliita mara ya pili. Ndipo akasimama, ijapokuwa wengine hawakusimama, akasema, "Nipo."